Kaisari Alifika Amu Kabla ya Siza

Mama alikuwa kibarazani akisuka ukili, miyaa imelowekwa kwenye beseni kando ya goti lake, huku akimhadithia mpwa wangu kisa cha barua za Mtume. Ilikuwa baada ya alasiri, mwezi wa Agosti, kusi lavuma na punda wa jirani amejibanza kivulini ukutani. Mama akafika pale Dihya anapotumwa kuipeleka barua kwa Kaisari wa Rumi.

Kijana akacheka.

"Si Kaisari, bibi. Ni Siza, kama wasemavyo Waingereza. Mwalimu ametwambia sisi Waswahili jina likitushinda twalitia vokali, likawa la kwetu."

Mama hakujibu. Alichagua mwaa mwingine kwenye beseni, akaukung'uta maji, akaupachika mahali pa ule uliokwisha, vidole vikaendelea na kazi. Kisa hakikuendelea.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia kila neno.

Sikusema kitu.

## Kimya changu

Wiki saba sasa nimekaa na kimya kile.

Kilichoniuma si kicheko. Kijana ana miaka 13, yuko gredi ya nane, na mtoto wa umri huo akipata neno jipya hatulii mpaka alijaribu kwa mtu. Kilichoniuma ni kwamba, pale pale mlangoni, nilidhani yeye ndiye mwenye haki.

Mimi nala kwa kutafsiri. Mikataba, ripoti, vijitabu vya afya. Kazi hiyo imenijengea mazoea ambayo sikuyaona mpaka siku ile: jina likinijia kwa sura mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, mkono wenyewe huenda kwa ile ya Kiingereza, kana kwamba hiyo ndiyo asili na yetu ni nakala iliyofifia. Mama hakunitazama jioni ile. Angenitazama, angeyaona hayo usoni.

Na kuna jingine. Mwaka huu kijana ameacha kusema *mai*, asema *maji*. *Nti* imekuwa *nchi*, *mato* yamekuwa *macho*. Ndicho Kiswahili cha vitabuni, na mtihani ni mtihani, simlaumu. Lakini bibi yake bado humwita "ndoo hapa", yaani njoo, na nimemwona kijana akigeuka kuangalia kama wenzake wamesikia.

Kwa hiyo Siza hakuingia nyumbani kwetu peke yake.

## Herekali wa Pate

Nilianzia karibu. Kaisari wa mama alitoka wapi?

Alimpata chuoni, madrasa ya Kurani, kwa babake, naye babake alimpata kwa waliomtangulia. Kisa chenyewe kimo katika Hadithi alizokusanya Bukhari, na Kaisari aliyeandikiwa barua ni Hirakli, aliyetawala Konstantinopoli tangu 610 hadi 641. Katika visiwa vyetu huyo hakuwa mgeni. Mwaka 1728, kule Pate, Mwengo wa Athumani alitunga utendi mrefu wa vita vya Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Herekali ndiye huyo huyo. Mtu wa Pate, kwa Kiswahili cha huku na hati ya Kiarabu, alikuwa akimpandisha na kumteremsha mfalme wa Rumi beti kwa beti, miaka mingi kabla ya shule yoyote ya Kiingereza kutoka Kiunga hadi Kipini.

Hapo jambo la kwanza likanigeukia.

Bibi na mjukuu hawakuwa wakibishania mtu mmoja. Siza wa darasani ni Julius, aliyechomwa visu mjini Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo. Kaisari wa mama alikalia kiti zaidi ya miaka 650 baadaye, alisema Kigiriki, na hilo Kaisari halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Kwake lilikuwa cheo.

Njia iliyolifikisha jina kwenye cheo ni ya urithi. Julius alimwachia jina lake, kwa wasia, mjukuu wa dada yake, yule aliyekuja kuitwa Augusto. Augusto akalirithisha. Ukoo ulipokatika alipokufa Nero, mwaka 68, waliotwaa enzi baada yake walilishika jina pamoja na kiti, ingawa damu haikuwahusu. Kwa Waajemi mambo yalikwenda hivyo hivyo: Kisra tunayemsikia katika sira, habari za maisha ya Mtume, ni jina la Khosrau, mtu mmoja, lililofanywa la kila mfalme wao. Ndiyo maana Hadithi yawataja wawili hao pamoja, kwamba akiangamia Kisra hapana Kisra baada yake, na akiangamia Kaisari hapana Kaisari baada yake. Kwetu maji hupanda mkondo kwa upande wa pili. Mwinyi, Shehe, Sharifu, Fumo: vyeo hivyo, leo waitwa navyo watoto wachanga.

Kumbe mama hakuwa amekosea jina la mtu. Alitaja cheo, tena kwa usahihi.

Lakini bado kulikuwa na ile sauti. K au S?

## Kisu changu

Nilisoma usiku, chandarua kimeshushwa, simu kifuani. Kiarabu kilipata *Qaisar* kutoka kwa Wagiriki na watu wa Shamu. Wagiriki waliandika *Kaisar*, kwa herufi yao ya K. Na Mgiriki wa zama za Julius hakumsoma kitabuni, alikuwa akiwasikia Warumi kwa masikio yake. Aliandika K kwa kuwa alisikia K. C ya Kilatini siku zile ilisomwa K popote ilipokaa, na AE ilisomwa AI. Wajerumani wa kale, majirani wa Rumi, walilichukua jina mapema sana likawa *Kaiser*, na K yao haijatoka mpaka leo.

Niliketi kitandani.

*Kaisari.* Nililitamka peke yangu gizani. Toa ile i ya mwisho, rudisha mkazo mwanzoni, na mamangu, aliyesoma chuoni na hakuvuka mlango wa sekondari, atamka jina la Julius karibu kabisa na alivyojiita Julius mwenyewe. Darasani ndiko lilikogeuka.

Limegeukaje? Hili nililielewa kwa Kiswahili kabla ya kulielewa kwa Kilatini. Twasema *kisu*, twasema *kiti*. Lakini hatusemi *kisu kiangu*. Twasema *kisu changu*. Hatusemi *kiakula*, twasema *chakula*. Ki inapoielekea vokali nyingine, ulimi hujongea mbele na K hulainika ikawa ch. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna anayesema tumeiharibu K. Kilatini nacho, miaka ilipopita, kililainisha K yake mbele ya E na I, na AE ilikuwa imekwisha kuwa E. Mtaliano akabaki na ch, amwita Cesare kwa ch ile ile ya *changu*. Mfaransa akaenda mpaka S. Mhispania wa Madrid akaishia kwenye th, kama ya *thelathini*. Na Mwingereza? Zamani, kabla Wafaransa hawajamtawala, alikuwa na neno *casere*, kwa K, maana yake mfalme mkuu. Siza wake wa leo ni wa baadaye.

Mwingereza naye aliwahi kusema kama mamangu.

## Nilipotaka kushinda

Nilitoka kitandani kweli. Nilitaka nimwamshe kijana nimwambie: bibi yako amepata, mwalimu wako amekosa, na kesho umwombe radhi.

Nilifika uani nikasimama.

Ikiwa K ndiyo haki na S ndiyo kosa, basi Mtaliano amekosa, Mfaransa amekosa, na lugha zao nzima ni kosa, kwa kuwa Kifaransa si chochote ila Kilatini kilichokaa midomoni mwa watu karibu miaka 2,000. Na ikiwa kila kilichogeuka ni kosa, basi baina ya *mato* ya mamangu na *macho* ya mjukuu wake lazima moja lihukumiwe. Mwalimu alishalihukumu la mama. Mimi nilikuwa njiani kulihukumu la kijana, na nyundo niliyoishika ilikuwa ile ile.

Mji wenyewe niliosimama ndani yake saa nane ya usiku una majina mawili. Ramani zote zaandika Lamu. Sisi tuliozaliwa humu twasema Amu, sisi ni Waamu, twasema Kiamu. Sijapata kumkosoa mgeni anayesema Lamu, na sitapenda mgeni anikosoe mimi.

Nikarudi kulala, bila usingizi.

Nilichokuwa nikikiwazia mpaka alfajiri ni tafsiri moja. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa kwa jina la Julius mwaka 1943, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius mwenzake. Mwaka 1963 ulitoka kwa jina *Julius Caezar*. Mwaka 1969 akautoa upya, na safari hii jaladani pana *Juliasi Kaizari*. Miaka sita. Mimi mfasiri najua herufi moja yaweza kumkosesha mtu usingizi, sasa huyu alilifungua jina zima akalifunga upya, likiwemo jina lake mwenyewe la ubatizo. Katika *Caezar* naona mtu bado ameishika herufi ya wenyewe kwa mkono mmoja. Katika *Kaizari* ameiachilia. Na ile z! Mimi naisikia humo sauti ya Kaiser, ambayo wazee wa Tanganyika waliijua vizuri kuliko walivyomjua Siza.

Nilitamani niwe na ushujaa huo katika mikataba yangu.

## Rupia ya Mdachi

Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana tukapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka kwenye nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, ambayo sasa ni makavazi. Amepita mlango ule maisha yake yote. Hakuwa ameingia.

Wengi wetu twajua kwa juu juu habari za Witu, usultani uliokuwa bara karibu nasi: ndugu wawili Wajerumani, Denhardt, Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, himaya ya Wajerumani ya mwaka 1885. Posta hii ya Amu ilifunguliwa 1888 barua zipate njia ya kwenda Ulaya, ikafungwa 1891, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiachia Uingereza Witu kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Julai ni mwezi wa Julius, ulipewa jina lake mwaka ule ule aliouawa. Kaiser alipokonyoka huku kwetu katika mwezi wa Kaisari wa kwanza.

Nilimwuliza kijana: huyu mfalme wa Wajerumani cheo chake kiliitwaje?

"Kaiser," akasema. Alilijua kwenye somo la historia. Akanyamaza kidogo. Akalisema tena polepole, "Kai-sa", akanitazama.

Sikuongeza neno. Safari hii kimya kilikuwa cha makusudi.

Tuliporudi mama akauliza tulikwenda wapi. Tukamwambia. Akaondoka bila kusema, tukasikia kasha lalia bawaba, akarudi na kitu ndani ya kipande cha kitambaa. Ni rupia ya fedha, imetobolewa juu kwa kuwa zamani ilitungwa kwenye mkufu. "Rupia ya Mdachi," akasema. "Ya nyanya yangu."

Sikuwahi kuiona. Mtu yumo amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, masharubu yamepinda kuelekea machoni. Shavu limelika kwa kusuguliwa na ngozi za wanawake watatu wa nyumba yetu. Kijana akaielekeza kwenye mwanga akasoma herufi moja moja: GUILELMUS II IMPERATOR.

"Kaiser yuko wapi hapa?"

Hayupo. Ndilo jambo lililonishika. Wilhelm alitaka sarafu yake ya Afrika Mashariki iseme Kilatini, ipate haiba ya Rumi, kwa hivyo akalivua jina lake akavaa Guilelmus, na cheo chake Kaiser akakifasiri kuwa Imperator, amirijeshi. Alikuwa na neno moja la Kirumi halisi mdomoni, aliloachiwa na wahenga wake, jina la Julius lenyewe. Akaliweka kando kwa kuwa aliliona ni la kienyeji mno.

Mama alikuwa akisikiliza. "Basi na yeye," akasema, akaifunga rupia kitambaani.

## Jina lililozama ardhini

Kijana alianza kuwinda miji yenye jina hilo. Kila jioni aja na mji. Kaisaria ya Palestina alikuwa akiijua, ile bandari Herode aliyoijenga kumtukuza Augusto. Kayseri ya Uturuki ilikuwa rahisi. Nilimpa Zaragoza ya Hispania akakataa kuamini mpaka tulipoiandika hatua kwa hatua: Warumi waliuita Caesaraugusta, Waarabu wakausema Saraqusta, Wahispania wakaupokea hivyo mkononi mwa Waarabu. Na Cherchell ya Aljeria, ambayo ilikuwa Caesarea, mji mkuu wa mfalme Juba wa pili. Huko K imetoweka kabisa, imebaki sh na sh. Kwa Waarabu jina lilishuka hata sokoni: qaisariya ni soko lenye paa na milango ifungwayo usiku, kutoka Fez mpaka Hofuf.

Na India, Malkia Victoria alipotangazwa mtawala wao tarehe 1 Januari 1877, cheo chake cha Kihindi kilikuwa Kaisar-i-Hind. Mwanamke wa Kiingereza aliyeitwa Kaisari kwa K, na serikali yake mwenyewe.

Kijana aliyapenda haya zaidi ya nilivyotarajia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikujiandaa nalo.

"Mjomba, lakini lina maana gani?"

## Hata Warumi walikisia

Warumi wenyewe walikuwa na majibu manne. Wa kwanza alisema latokana na nywele nyingi, *caesaries*. Julius alikuwa na upara, na mwandishi wa maisha yake asema ulimwudhi sana. Wa pili alisema ni macho ya rangi ya kijivujivu. Wa tatu, Plinio, alisema ni kukatwa, kwamba wa kwanza wa jina hilo alitolewa tumboni mwa mama kwa kisu, na ndiyo maana mpaka leo madaktari huuita upasuaji wa uzazi kwa jina lake. Lakini hakuwa Julius. Mamake Aurelia aliishi mpaka mwanawe ana miaka zaidi ya 40, na zama zile mwanamke akipasuliwa hakupona. Tena jina lilikuwako ukooni zaidi ya miaka 100 kabla yake.

La nne ni la Afrika. Kwamba babu yao aliua ndovu vitani, na kwa lugha ya Wamori wa kaskazini ya bara letu ndovu aliitwa *caesai*. Wataalamu hawalitegemei sana. Lakini Julius, alipopiga sarafu za kwanza za jina lake, aliweka ndovu akikanyaga kitu kama nyoka, na chini yake neno moja tu: CAESAR.

Nilimwonyesha kijana picha ya sarafu hiyo. Alimtazama ndovu muda mrefu, kidole kikifuata mkonga.

"Kwa hivyo hajui mtu."

"Hajui mtu."

"Hata yeye mwenyewe?"

Nilimwambia nadhani aliipenda ile ya ndovu.

## Jana

Jana baada ya alasiri nilikuwa mlangoni pale pale. Mama alikuwa na beseni lake. Ukili umekuwa mrefu, ameuviringa kama gurudumu kando yake. Kijana alirudi kutoka shule, akavua viatu, akakaa kibarazani bila kuitwa. Alikaa kitambo akizichezea ncha za miyaa majini.

"Bibi, Kaisari alipoisoma ile barua alifanyaje?"

Mama hakuinua macho. Alipachika mwaa.

"Kwanda alitaka kujua ni nani alomwandikia. Akauliza kama pana watu wa Makka karibu. Akaletewa Abu Sufiani na wendiwe, walokuwa kwenye biashara zao Shamu. Akamweka Abu Sufiani mbele, wendiwe akawaweka nyuma yake."

"Kwa nini nyuma?"

"Akawambia: nitamuuliza huyu. Akisema urongo, nanyi mseme ni mrongo."